Radhi Aliyoifuata Baba Houston

Wewe unayenisikiliza, sogeza kiti karibu. Habari ninayotaka kukueleza ina masheikh na mambo ya serikali ndani yake, na najua watu wengi wakisikia hivyo huanza kupiga miayo. Usiogope. Nitakwenda polepole, na penye kona nitasimama nikungoje. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimewafundisha wauguzi wageni hapa Texas. Sijaona bado jambo ambalo mtu hawezi kulielewa akielezwa bila kuharakishwa.

Baba yangu alizaliwa Mombasa, Mji wa Kale. Alisoma Kiarabu katika chuo cha Kurani na Kiingereza shuleni, na alipokuwa kijana bado hajaoa, alipata kazi ya ukalimani ng'ambo, katika mojawapo ya nchi ndogo za pwani ya Ghuba. Nchi yenyewe sitaitaja, kwa sababu wenyewe wako hai na wana haya zao.

Ngoja kwanza nikueleze pwani ile ilikuwaje. Kila mji ulikuwa na sheikh wake, kisima chake, na ugomvi wake na jirani. Waingereza hawakuwatawala watu wale kama walivyotutawala sisi. Walifunga nao mikataba: sheikh aongoze watu wake apendavyo, lakini mambo ya nje, yaani mgeni gani apokewe na kampuni gani ichimbe mafuta, yapite kwanza kwa Mwingereza. Mwingereza huyo aliitwa wakala wa kisiasa. Alikaa katika nyumba yenye bendera na askari wachache. Sasa jiulize, mtu mmoja na bendera yake anaishikaje pwani nzima? Anaishika kwa habari. Nani kanywa kahawa kwa nani. Nani kaketishwa karibu na sheikh leo, na nani kasogezwa mlangoni. Mjumbe wa nchi gani kaonekana sokoni. Wakala hakuweza kuyajua hayo kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa na watu kama Baba.

Na Baba alikuwa na njia yake ya kufanya kazi. Hakuuliza swali hata siku moja.

"Ukimuuliza mtu, anafunga mlango," aliniambia nilipokuwa msichana. "Wewe sema jambo lisilo sawa, kisha nyamaza. Mwanadamu hawezi kulala na kosa la mwenzake. Atakusahihisha tu."

Mama alipofariki, nilimleta Baba akae nasi Grand Prairie. Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea mwisho. Mume wangu alikuwa akifanya kazi ghalani, mimi hospitalini, na watoto wetu wawili walikuwa wamefika umri wa kusikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Baba hakujali. Alikuwa akikaa kwenye kochi na kanzu yake, wanarudi shule, anawaambia, "Leo nasikia mlikula samaki."

"No, Babu! Pizza!"

"Na mwalimu hakumgombeza mtu."

"He did! He yelled at the whole class!"

Kabla sijavua viatu, Baba alikuwa na taarifa kamili. Jirani yetu wa chini, mama mmoja Mkongomani aliyefanya kazi kiwandani, alikuwa akicheka na kuniambia, "Baba yako ule, haulizi kitu lakini anajua mpaka mshahara yangu."

Sikuwahi kufikiri kwamba njia hiyo ilikuwa imemuumiza mtu.

Idi moja alitutembelea mtu wa mtaa wetu wa Mombasa, aliyekuwa akiishi Houston, mitaa ya Gulfton. Alikuwa dereva. Familia za Ghuba zilikuwa zikija kwa wingi kutibiwa kwenye hospitali kubwa za Houston, naye alikuwa akiwapokea uwanja wa ndege na kuwazungusha. Tulimaliza pilau, Baba akaanza kummenyea chungwa.

"Siku hizi nasikia wagonjwa wa Ghuba wote wanakwenda Ulaya," Baba akasema.

"Wapi, Ami! Ulaya anakwenda nani? Wote wako kwangu, mgongo umekufa kwa masanduku. Sasa hivi nina sheikh mzima, nam-drive hospitali kila asubuhi."

"Sheikh gani, bwana. Hao ni matajiri wa mafuta tu, kila mtu anajiita sheikh."

"Huyu si wa mafuta, Ami. Babake alikuwa mtawala hasa, Waingereza wakamtoa, wakamtia kwenye ndege. Huyu amekulia ugenini. Mpole, hata tip anakupa kwa aibu, kama anakuomba yeye."

Baba akataja mji fulani, si wenyewe. "Atakuwa wa huko."

"Siyo, Ami!" Dereva akamsahihisha, akautaja mji wenyewe.

Chungwa likabaki nusu limemenywa mikononi mwa Baba. Hakuligusa tena.

Siku ya pili yake nilikuwa jikoni napiga pasi nguo za kazi. Baba akaja akasimama karibu na friji.

"Mama," akaniambia, maana Baba aliniita mama tangu nilipozaliwa, "nina haki ya mja shingoni."

Kama hukulelewa katika Uislamu, nikueleze. Sisi hufundishwa kwamba kosa lililo kati yako na Mungu, utatubia kwake na yeye ni mwingi wa rehema. Lakini kosa ulilomfanyia mtu ni haki ya mtu huyo. Lazima umwendee, umtake radhi, akusamehe yeye. Akiwa amekufa, unawaendea aliowaacha. Kwa hiyo mzee akisema ana haki ya mja shingoni, hasemi kwa kupamba maneno. Anasema anaogopa kufa.

Akanieleza. Sheikh wa nchi ile alimpenda. Alijua Baba yuko mbali na kwao, basi alikuwa akimwagizia nazi kwa manahodha ili apikiwe samaki kama wa nyumbani. Alasiri moja, wawili tu wamekaa, sheikh akamwambia kwamba amekubali kumpokea mjumbe wa nchi nyingine za Kiarabu, ambazo zitamjengea barabara na mtambo wa umeme bila kuwapitia Waingereza.

"Alicheka, mama. Akasema, 'Wazungu wameniahidi umeme tangu ndevu zangu nyeusi. Nataka niione taa moja kabla sijafa.' Alinambia vile mtu anavyomwambia mwanawe."

"Na wewe?"

"Nilikwenda moja kwa moja kwa wakala. Ilikuwa kazi yangu. Nilidhani watamkaripia, basi."

Hawakumkaripia. Waliwaita jamaa zake sheikh mmoja mmoja, wakawaonyesha faida na hasara, mpaka wote wakakubali binamu yake atawale. Kisha wakala akamwalika sheikh nyumbani kwake kama kwa mazungumzo ya kawaida, huku ndege ikingoja. Aliyemtafsiria sheikh kwamba yeye si mtawala tena alikuwa Baba.

"Aliniangalia," Baba akasema, "akaniambia, 'Tafsiri polepole, mwanangu, nataka nisikie vizuri.'"

Nilizima pasi.

Baba aliacha kazi ile, akarudi Mombasa, akafundisha Kiarabu maisha yake yote. Sheikh alifia ugenini. Na sasa mtoto wake alikuwa Houston, mwendo wa asubuhi moja kutoka mlangoni kwetu.

Tulikwenda Jumamosi. Baba alivaa kanzu iliyopigwa pasi na koti juu, akapakata boksi la halua ambalo shangazi alituletea kutoka Mombasa. Tulishika barabara ya arobaini na tano kwenda kusini, tukapita Corsicana, na nchi ile tambarare ikaanza kupata miti. Ndani ya gari Baba alinieleza atakavyofanya. Sikiliza vizuri hapa, maana mambo yote yanasimama juu ya hili.

Katika mabaraza ya pwani ile, mgeni akija anapewa kahawa, chungu, katika kikombe kidogo kisicho na mkono, ambacho sisi pia tunakiita finjani. Ukiwa umekuja kusalimia tu, unakunywa. Lakini ukiwa na haja kubwa, ya kuomba posa au msamaha wa damu, unaipokea finjani kwa mkono wa kulia na kuiweka chini mbele yako bila kuionja. Kila mtu barazani ananyamaza. Mwenyeji anakuuliza, "Haja yako nini?" Unasema. Akikubali anakwambia, "Kunywa kahawa yako." Ukinywa, limekwisha, wala halifufuliwi tena.

"Baba," nikamwambia, "kwa nini usimwambie tu? Unaingia, unakaa, unamwambia."

"Haja hamtupii mtu mlangoni kama mzigo wa kuni. Mwenyeji ndiye anayeuliza."

"Na asipouliza?"

"Ataniuliza. Huyu ni mtoto wa baraza, amezaliwa juu ya mazulia yale." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama, usiseme kitu. Radhi mtu hamtumi mtu."

Dereva alitupokea chini ya hoteli, karibu na hospitali, akatupandisha kwa lifti. Mtoto wa sheikh alikuwa mtu wa makamo sasa, amekonda, amevaa sweta, na mkononi alikuwa bado na kitambulisho cha plastiki cha hospitali. Macho yangu ya kazi yaliona rangi ya ngozi yake, nikajua si mgonjwa wa mchezo. Baba alipojitaja, mtu yule alisimama kwa shida akambusu bega. Walisalimiana kwa Kiarabu kirefu, kisha akahamia Kiingereza.

"Kwa ajili yako, dada," akaniambia. "Na kwa ajili yangu pia. Kiarabu changu kimechoka."

Akatuambia atapasuliwa Jumatatu. Alisema hivyo kama mtu anayesema atakwenda kukata nywele.

Mtumishi wao, mzee wa Kiarabu mwenye mvi, alikuja na dele la kahawa. Alimimina, akampa Baba. Baba aliipokea kwa mkono wa kulia. Mbele yake palikuwa na meza ya kioo, lakini hakuiweka hapo. Aliinama, kwa magoti yale mabovu, akaipitisha finjani pembeni ya meza mpaka chini, akaiweka juu ya zulia karibu na mguu wake. Kisha akakaa wima, mikono mapajani, akangoja.

Mzee wa kahawa alisimama palepale na dele lake. Alijua. Nilimwona anavyomwangalia bwana wake, anangoja kama Baba anavyongoja.

Mtoto wa sheikh alikuwa akitabasamu.

"Unajua," akasema, "baba yangu alikutaja mpaka mwisho wake. Alikuwa akisema, 'Siku ile wote walinikimbia, ndugu zangu wa damu. Yule kijana wa Mombasa peke yake alikuwa akilia huku anatafsiri.' Mimi nilikuwa mdogo, lakini jina lako nimelisikia mezani maisha yangu yote. Ukitaka kujua mtu mwaminifu ni yupi, mama yangu alikuwa akisema, ni yule."

Nilisikia Baba anavuta pumzi. Midomo yake ilifunguka, nikadhani, sasa. Ikafungika.

Finjani ilikuwa chini, moshi umekwisha. Mwenyeji akaiona.

"Ah, kahawa yetu imekushinda, mzee? Hata mimi daktari amenikataza." Akamgeukia mtumishi. "Mwondolee. Mletee chai ya maziwa. Waswahili wanapenda chai ya maziwa, sivyo?"

"Kabisa!" akadakia dereva. "Chai na maziwa mengi, na sukari ya kumuua mtu!"

Tukacheka, maana ilibidi. Mzee wa kahawa hakucheka. Alichelewa kuinama, akamtazama Baba kama anayemtaka radhi yeye, kisha akaiokota ile finjani iliyojaa na kuondoka nayo. Mimi nilimtazama Baba. Jicho lake lilikuwa juu yangu, na lilisema, usithubutu. Chai ikaja. Aliinywa yote.

Tulipoaga, mtoto wa sheikh alitusindikiza mpaka mlangoni, ameshika ukuta. "Nisamehe, mzee wangu, kama kuna adabu nimekosa," akasema. "Nimekulia mbali. Mengi sikufundishwa."

"Umesamehewa, mwanangu," Baba akasema.

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Baba alikwenda kuomba msamaha, akarudi ameutoa.

Tulishika njia ya kurudi, tukapita Huntsville. Misonobari ilikuwa pande zote mbili. Niliendesha, naye akawa anatazama boksi la halua ambalo tulisahau kuliacha.

"Amenishukuru, mama," akasema mwishowe. "Umesikia? Amenishukuru."

"Nimesikia, Baba."

"Nilidhani nimekwenda na haja. Kumbe nimekwenda na kazi ile ile. Nikakaa kimya, nikangoja mwenzangu aseme."

Nikamwambia tunaweza kugeuza. Njia ya kutokea ilikuwa mbele yetu, nikawasha hata taa ya kukata kona. Alinishika mkono. Alisema mtu anayekwenda kupasuliwa hatwishwi mzigo. Akipona, atarudi, na safari hii atasema kwa mdomo wake, kahawa iwepo isiwepo. Nilimwelewa. Hata leo siwezi kukwambia alikosea. Nikazima taa, tukaendelea.

Siku zilizofuata nilimsikia akijizoeza. Akiosha kikombe chake, akitawadha, akifikiri sote tuko mbali. Alikuwa akisema kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili kana kwamba anajitafsiria mwenyewe: "Mimi ndiye niliyempelekea Mwingereza siri ya baba yako. Nakuomba radhi." Alipunguza maneno kila siku. Mwanzo kulikuwa na sababu, na kulikuwa na "nilikuwa kijana," na "sikujua." Kufikia katikati ya wiki zilibaki sentensi mbili tu.

Simu ya dereva ilikuja nikiwa natoka kazini.

"Dada, Ami yuko karibu? Usimpe simu. Jamaa hakuamka. Walimfungua, moyo ukakataa. Leo nimewapeleka watu wake uwanja wa ndege, wanamrudisha kwao. Afadhali, dada, sasa wamemruhusu kurudi kwao."

Mimi huwafundisha wauguzi wangu jinsi ya kumpa mtu habari ya msiba. Kaa chini, uwe usawa wa macho yake. Usizungukezunguke. Tumia neno lenyewe. Lakini siku ile nilifika nyumbani nikaanza kumuuliza Baba kama amekula, kama watoto wamemsumbua, kama baridi imemzidia. Katuni zilikuwa zikipiga kelele kwenye televisheni. Baba akaniangalia muda, kisha akasema taratibu:

"Kwa hiyo kijana wetu amepona."

Alijua anachofanya. Na mimi nilijua anachofanya, na bado sikuweza kuliacha kosa lile hewani.

"Hapana, Baba. Amefariki."

Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyepokea taarifa aliyokuwa anaitegemea. Akawaomba watoto wapunguze sauti. Akaenda kutawadha.

Warithi waliobaki hatukujua pa kuwapata, hata dereva hakuwa na anwani yao. Baba alimpigia imamu mmoja, akashauriwa amwombee dua marehemu na babake, awatolee sadaka, na asikate tamaa ya rehema ya Mungu. Alifanya yote, kwa moyo wote. Lakini siku moja nikimkata kucha alinambia, "Sadaka inafika, mama. Sina shaka inafika. Ila haijibu." Nilitamani kumwambia kwamba yule mtu alimpenda, na kwamba angemsamehe bila kufikiri. Nilimwambia. Baba akasema, "Alimpenda mtu asiyekuwepo."

Alifariki majira ya baridi ya mwaka uliofuata, chumbani kwake, Grand Prairie. Tulimzika kwenye makaburi ya Waislamu nje ya mji, upepo wa kaskazini ukitupiga usoni, mume wangu na wanaume wa msikitini wakibeba jeneza haraka kama ilivyo sunna. Dereva alikuja kutoka Houston akalia kuliko mimi. Mimi sikulia siku ile. Nililia wiki kadhaa baadaye, kazini, nilipomkuta mgonjwa mmoja mzee amekaa wima kitandani, mikono mapajani, anangoja mtu amuulize kitu. Nilimuuliza. Alitaka blanketi tu.

Jambo moja sijakwambia. Katika miezi yake ya mwisho Baba alinunua kadi za simu, zile za kukwangua, akawa anapiga Mombasa. Alimpigia ndugu yake waliyekuwa wamekosana juu ya nyumba ya urithi. Nilikuwa nimekaa karibu, nikamsikia. Hakusalimia kwa kirefu, hakumzungusha, hakusema jambo la makosa angoje. Alisema, "Nilisema uongo kwa kadhi kuhusu ukuta ule. Niwie radhi." Kisha akanyamaza, amekaza simu sikioni, akasikiliza muda mrefu, na machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu. Ndugu yake alimsamehe. Huyo alimsamehe kwa kujua.

Basi wewe uliyenivumilia mpaka hapa, fanya hivi. Mfikirie mtu mmoja uliyemkosea ambaye bado yuko hai. Mpigie simu leo, au mwendee. Ukishamsalimia, usingoje akuulize. Litaje kosa kwa jina lake katika sentensi moja, mwombe radhi katika sentensi ya pili, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.